Bakuli la Kuwekesha

Baba yangu mdogo alisema sitaweza. Alisema hivyo mbele ya watu, kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, mkononi, siku niliporudi kutoka Nairobi na stashahada yangu yenye muhuri mwekundu.

"Miaka kumi na mmoja mjini," alisema. "Wenzake wamerudi na ukarani. Wamerudi na udaktari wa ng'ombe. Yule wa pale chini amerudi na cherehani. Huyu wetu amerudi na elimu ya glasi! Sasa tutaambiwa hii ni glasi, na hii pia ni glasi."

Watu wakacheka mpaka mbege ikamwagika. Jirani mmoja akaongeza kwamba mjukuu wake wa miaka mitatu naye ana stashahada hiyo hiyo, maana amekwisha kuvunja mbili. Na mzee wa kanisa ambaye nilikuwa nikimposa binti yake, mtu wa maneno machache, alisema sitaweza kulisha mke kwa kutazama vitako vya vikombe.

Nayaandika haya katika nyumba ya bati yenye sakafu ya saruji na madirisha sita, na yote sita nimeyalipia kwa kutazama vitako vya vikombe. Hata hivyo sikuja kueleza nyumba yangu, ingawa inastahili kuelezwa. Nimekuja kueleza namna nilivyochelewa kumpata mke wangu kwa majuma mawili na zaidi, baada ya kufungishwa naye ndoa kanisani, kwa sababu nilijua glasi kuliko mtu yeyote kati ya Moshi mjini na mpaka wa msitu.

Elimu yenyewe niliipata hivi. Nairobi niliajiriwa kubeba makasha katika duka la mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa akiuza vyombo vya kale vya walowezi. Macho yake yalikuwa yakififia, naye hakutaka wateja wajue. Basi akanifundisha nione kwa niaba yake. Nilipokwisha kujua zaidi yake, niliomba masomo kwa posta kutoka Uingereza, nikajibu maswali yote, nikapewa stashahada. Bila shaka waliosahihisha hawakujua kwamba aliyejibu ni kijana wa kutoka migombani. Hilo ni kosa lao, si langu.

Siri ya glasi iko kitakoni. Mtu asiyejua hutazama maua na dhahabu. Anayejua hupindua chombo kama mnunuzi wa mbuzi anavyofungua mdomo kuhesabu meno. Kioo kilichopulizwa kwa pumzi ya mtu kina kovu chini, pale kilipokatwa kutoka kwenye fimbo ya mpulizaji. Kioo kilichoshindiliwa kwenye kalibu ya chuma kina mshono, mstari mwembamba ubavuni ambao mtengenezaji huuficha katikati ya majani. Kioo kilichochongwa kwa gurudumu kina kingo zinazouma kidole, lakini kile cha kalibu kinachojifanya kimechongwa kina kingo laini kama sabuni iliyokwisha kutumika. Kioo chenye madini ya risasi ukikigonga kwa ukucha huimba. Cha kawaida hukohoa. Kipo cheupe mfano wa maziwa. Kipo chenye rangi zinazokimbiakimbia kama mafuta ya taa juu ya dimbwi, nacho kinapendwa sana na watu wasio na stashahada. Na kipo cha Bohemia, ambacho ni kioo kisicho na rangi kilichovikwa ngozi nyekundu, kisha fundi akaichonga ngozi ile ili weupe utokeze: paa, miti, pengine nyumba ya mwindaji. Mtu akikishika cha kweli, hata kama hajui kitu, huacha kupiga kelele.

Niliporudi nilikuta milima yetu imejaa glasi. Zilitoka kwenye mashamba ya Wajerumani, zikapigwa mnada pale bomani baada ya vita vya kwanza na tena baada ya vita vya pili, na katikati walikuwapo walowezi waliofilisika ambao nao waliuza kila kitu. Watu wetu walikuwa wameanza kupata fedha ya kahawa, wakanunua. Wakanunua bila kuuliza kitu ni cha nini. Sokoni Kwa Sadala nilikuta mama akipima maharage kwa bilauri ya mvinyo yenye shingo ndefu, nzuri kiasi kwamba nilinunua maharage nisiyoyahitaji ili nipate kuitazama zaidi. Katika nyumba moja chombo cha maua chenye mikono minne kilikuwa kimegeuzwa kiota, na kuku alikuwa amelalia humo kwa heshima kubwa. Shemasi mmoja alitia ugoro katika kisahani cha peremende.

Mtu akipata bati, jambo la pili lilikuwa kabati lenye milango ya kioo, na la tatu ni kulijaza. Mgeni alipofika alikalishwa mbele ya kabati, siyo mbele ya mwenye nyumba. Na arusi ikawa si arusi kama hakuna meza ya glasi. Mtori na nyama vilipakuliwa uani, lakini ndani ilitandikwa meza moja isiyoliwa chakula, ya kutazamwa tu.

Mimi, mjuzi wa glasi, nilikuwa na vyombo vitatu. Vingine nilivyowahi kuwa navyo nilikuwa nimeviuza nilipie masomo. Hivyo nilipita nyumba saba nikiazima. Baba mdogo, pamoja na dharau zake, ndiye mwenye kabati kubwa kuliko yote, na aliniazima vyombo vitano, kimoja kikiwa bakuli jekundu ambalo mke wake alikuwa akitilia chumvi ya mawe. Hata baba mkwe aliniazima chupa ya mvinyo yenye kizibo cha kioo, ambayo yeye, kama mzee wa kanisa, aliwekea asali. Lakini alinipa na sharti.

"Kuazima si kosa," alisema. "Ila binti yangu hataanza ndoa kwa kuosha vyombo vya watu. Arusi ikiisha atarudi hapa. Siku utakaponiambia kila chombo kimepokelewa na mwenyewe, nitamleta."

Nilicheka moyoni. Nilikuwa nimeandika orodha, nyumba kwa nyumba, kila chombo na aina yake. Kurudisha ingekuwa kazi ya asubuhi moja.

Siku ya arusi meza ilitandikwa, nami sikuweza kunyamaza. Watu walikuwa wakipita mbele ya vyombo vile wakisema "vizuri, vizuri", wakivisifu zaidi viwili vya rangi za mafuta ya taa, ambavyo Ulaya hutolewa bure kwenye michezo ya bahati. Nilisimama. Nikawaeleza kitako, kovu na mshono. Nikawaonyesha kipi ni cha kalibu, nikaona nyuso za walioniazima zikikunjamana. Halafu nikaliinua bakuli jekundu.

"Hili," nikasema, "ni Bohemia halisi. Limechongwa kwa mkono kabla babu zetu hawajazaliwa. Mtu akiwa nalo hapa mlimani, ana ng'ombe mwenye ndama, naye anatilia chumvi!"

Ukimya uliingia kama kanisani. Nilidhani ni ukimya wa heshima. Bibi arusi ndiye peke yake aliyenivuta koti kutoka chini akanong'ona, "Kaa. Wanahesabu."

Jioni akarudi kwao kama tulivyoagana. Jumatatu asubuhi niliweka vyombo kwenye kasha lenye majani makavu ya migomba, nikaanza na baba mdogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hilo jekundu lirudishe kwenye kasha."

"Si lako?"

"Sijasema si langu." Alitazama nje. "Nasema silipokei mpaka mwenyewe aone."

"Mwenyewe nani, baba? Si wewe?"

Baba mdogo, mtu aliyenisimanga mbele ya kata ishirini za mbege, alianza kukwaruza meza kwa ukucha. Mwisho akasema kwa sauti ndogo kuliko zote nilizowahi kuzisikia kwake: "Nimewekewa."

Msomaji wa pwani huenda hajui jambo hili. Kwetu mtu mwenye ng'ombe sita utamkuta na mmoja zizini, tena aliyekonda. Watano amewawekesha kwa watu. Anayefuga hupata maziwa na samadi. Mwenye ng'ombe hubaki na ng'ombe na ndama wake, na zaidi ya hayo hubaki na siri, maana ndugu wakija kuomba hawaoni cha kuomba. Ng'ombe akifa, mfugaji hupeleka ngozi ili mwenyewe aamini. Na mfugaji hamtaji mwenye ng'ombe, hata akichekwa.

Wakati mimi nasomea vitako Nairobi, watu wangu walikuwa wameihamishia desturi hiyo kwenye glasi. Mwenye kabati alipata sifa, kama vile mfugaji apatavyo maziwa. Mwenye chombo alibaki na chombo. Kikivunjika, vigae vilipelekwa vimefungwa kwenye jani, radhi ikaombwa, yakaisha. Baba yangu mdogo, kabati lake lote lile alilokalishia wageni, hakuwa na glasi yake hata moja.

"Zamani likivunjika nilikuwa napeleka vigae," alisema. "Sasa umesimama mbele ya watu mia ukasema ni ng'ombe mwenye ndama. Likivunjika kesho nitadaiwa ng'ombe. Silipokei mpaka mwenyewe aje, aseme mbele ya mashahidi kwamba bado ni bakuli la chumvi. Wewe ndiye uliyelipandisha. Lishushe."

Nyumba ya pili nikajibiwa hivyo hivyo. Ya tatu pia. Kufikia mchana nilikuwa nimezungusha kasha nyumba saba na kurudi nalo likiwa zito zaidi, maana hata wenye vyombo vya kalibu waliogopa labda navyo vitapanda bei. Baba mkwe alipokea salamu zangu, akaitazama chupa yake, akafunga mlango taratibu. Naye alikuwa amewekewa! Mzee wa kanisa! Ila sharti lake hakulilegeza.

Majuma mawili yakapita. Niliishi na vyombo vya watu mezani, na mke wangu akaishi kwa baba yake, nusu saa kwa miguu. Nilimwona kanisani tu, upande wa wanawake. Vijana wakaanza kunisalimia, "Habari za mke wako wa Bohemia?" Mama yangu alipika kiburu, ndizi na maharage, cha watu wawili kila siku, akakitazama, akanung'unika kwamba mtoto wa jirani mwenye cherehani mke wake ana mimba tayari.

Siku moja asubuhi akaja mjane wa kihamba cha juu, shamba la migomba la upande wa mlimani, mama wa makamo, maskini kwa kila mtu aliyemjua. Nyumba yake ilikuwa ya majani, ndani moshi na mbuzi. Alileta mkungu wa ndizi kumpongeza mama kwa arusi, ingawa arusi ilikuwa imepoa. Mama alipotoka kuchota maji ya mfereji, mjane alisogea mezani, akachukua bakuli jekundu, akalipindua. Kidole gumba chake kikaingia moja kwa moja kwenye kovu.

"Hapa ndipo walipolikata kitovu," alisema.

Nilikaa chini. Nairobi nzima nilikuwa nimeona watu watatu tu waliojua kutia kidole pale.

"Mama, nani amekufundisha?"

"Maji ya sabuni. Nilikuwa msichana, naosha vyombo kwa bibi wa Kijerumani. Ndani ya povu huoni kitu, mwanangu. Unajua kwa mkono. Cha kuchongwa kinakung'ata. Cha kalibu kinateleza. Ukikivunja cha kalibu unapigwa. Ukivunja cha kuchongwa unafukuzwa." Akaliweka chini kwa mikono miwili. "Walipoondoka na vitu vikauzwa, nilijua cha kununua. Mayai, maziwa, kahawa kidogo. Nilimtuma baba yako mdogo anipandishie bei mnadani, maana mwanamke hapandishi. Vyote ulivyoazima ni vyangu, isipokuwa viwili vile vya rangi rangi. Vile ni ujinga wa mtu mwingine."

Nilitazama meza. Glasi za makabati yote makubwa ya mlimani kwetu zilikuwa za mwanamke aliyelala chumba kimoja na mbuzi.

"Kwa nini hukuweka kwako?"

"Shemeji zangu wangeviacha? Mume wangu alipokufa walihesabu hata masufuria. Mali ya mjane ni ya ukoo, ndivyo wasemavyo. Nina binti. Mwakani anataka kusomea uuguzi, na hili jekundu ndilo shule yake. Nimelifuga miaka yote hiyo kimya. Wewe umesimama siku moja tu, shemeji yangu mkubwa sasa anapita nyumba hadi nyumba akiuliza ng'ombe mwenye ndama ni wa nani. Baba yako mdogo ni mtu wa majigambo, lakini mdomo wake umefungwa. Utafungwa mpaka lini?"

Nilikuwa na stashahada tu, imetundikwa ukutani juu ya kichwa chake. Aliitazama.

"Hiyo karatasi yako," alisema, "inajua kusema uongo?"

"Haikufundishwa, mama."

"Ifundishe."

Aliniruhusu kuandika habari hii baadaye sana, baada ya mimi mwenyewe kumpelekea bakuli lile Nairobi na kumletea malipo yake bila kupunguza hata senti, na binti yake akiwa amekwisha kuvaa kofia nyeupe ya uuguzi. Shemeji yake aliyelitafuta hayupo tena duniani. Siku ile sikuwa na hakika kama ningeweza. Mtu anaweza kusema uongo kujipandisha. Huo nimeusikia kila siku na pengine nimeusema. Kusema uongo ili uonekane mjinga mbele ya baba yako mdogo ni elimu nyingine.

Jumapili baada ya ibada niliwaita wote uani kwa baba mdogo. Walikuja walioniazima, walikuja wasioniazima, alikuja shemeji mkubwa wa mjane na fimbo yake, alikuja baba mkwe. Mjane alikaa na wanawake wenzake kwenye majani. Nikafungua kasha.

"Ndugu zangu," nikasema, "nimelichunguza upya bakuli hili. Siku ya arusi nilikosea. Nilikuwa nimekunywa."

"Hilo tuliliona," akasema mtu.

"Si la Bohemia. Ni la kalibu, rangi imepakwa juu. Hutolewa maelfu kwa siku. Mshono wake huu hapa."

Nikapitisha ukucha ubavuni mwa bakuli, mahali palipokuwa laini kama shavu la mtoto. Baba mdogo akalichukua, akapitisha kidole gumba, akafumba macho.

"Naam!" akasema. "Huu hapa! Unakwaruza kabisa."

Jirani mwenye mjukuu akalishika. "Huo ni mshono? Mimi nadhani ni miwili."

Likapita mkono kwa mkono, na kila mwanamume akausikia mshono. Mmoja alidai umemkata. Shemeji mkubwa alilitazama kwenye mwanga wa jua, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya mtu mzima.

"Mimi niliuona tangu siku ya arusi," alisema. "Nilinyamaza kwa heshima tu."

Mtu akampa mjane naye alishike. "Mama, wewe unauona?"

"Macho yangu si mazuri," alijibu. "Lakini wanaume wakisema upo, upo."

Hapo baba mdogo akasimama, na hotuba aliyoitoa ilikuwa ndefu kuliko ile yangu ya arusi. Alisema alijua. Alisema glasi haisomewi. Aliuliza stashahada ile ilinunuliwa soko gani, na kama ipo ya kalibu na ya kupulizwa. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Sitasema sikuumia. Niliumia kama mtu anayeng'olewa jino zima, na nilikuwa najua kila nilichokitupa pale ni cha kweli, na hakuna hata mmoja uani pale wa kukitambua isipokuwa yule aliyekuwa akitazama chini akichambua majani.

Shemeji mkubwa hakungoja mwisho wa hotuba. "Tumepoteza majuma mawili kwa chupa," alisema, akaondoka na fimbo yake.

Alipokwisha kupita kwenye uzio wa masale, baba mdogo alilipokea bakuli mbele ya mashahidi, kwa mkono mmoja kama mtu apokeavyo kopo, na mke wake akalipeleka ndani kwenye chumvi. Nikaita orodha yangu. Nyumba ya pili ikapokea. Ya tatu ikapokea, ikalalamika kwamba bilauri ilikuwa safi kuliko ilivyokwenda na sasa watu watadhani imeibwa. Nikapeana mikono na kila mmoja, nikafuta kila jina. Kasha likabaki na chupa moja.

Baba mkwe aliipokea, akang'oa kizibo, akanusa kama harufu ya asali yake bado imo, akakirudisha.

"Umebakiza nini cha mtu?"

"Sina, baba."

"Hata kijiko?"

"Hata kijiko."

Alinitazama. Akatazama upande wa wanawake, mahali mjane alipokuwa ameketi, kisha akanitazama tena, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kuposa kwake alinishika bega. Alikuwa amefuga mali ya mtu miaka mingi. Nadhani alijua kunyamaza kunagharimu nini.

Kabla jua halijashuka nyuma ya migomba mke wangu alikuja, sanduku la mbao kichwani, wadogo zake wakimfuata na kuku wawili. Alisimama mlangoni, akaangalia meza tupu, akaangalia stashahada ukutani.

"Huko njiani wote wanasema nimeolewa na mtu asiyejua glasi," alisema.

"Na baba yako?"

"Baba kasema niharakishe."

Nikamtua sanduku.